Maji ya Jibini

Saa kumi na moja alfajiri, Baba Dogo,
geti la bluu linafunguka nusu
na Ekidor, mlinzi, ananipitishia mitungi mitatu
kana kwamba ananikabidhi watoto wa mtu.
Rangi yake kama chai ya mchaichai,
vuguvugu bado: yaliyobaki
maziwa yalipoganda na kuitwa jibini,
jibini likaenda kwa watu wenye kisu chake maalumu.
Haya mengine yalikuwa ya mtaro.

Kwetu Kitui mama alisukasuka kibuyu
hadi siagi ijitenge,
na yaliyosalia hakuyamwaga. Nani angemwaga?
Ndama alikunywa, mbwa alikunywa, sisi tulikunywa,
na kifaranga aliyelegea alichovywa mdomo.
Kwa hiyo nilipoona kijito cheupe
kikipita kati ya mifuko na viatu vya mguu mmoja,
niligonga geti.

Kwanza nilikosea. Nakiri.
Bei ya chakula ilikuwa imenikaba,
nikadhani nimepata njia ya mkato:
kuku themanini juu ya paa, Kariobangi Kusini,
nikawanyima maji, nikawawekea haya matupu,
kutwa kucha, ndani ya karai la mabati.
Siku ya tatu maranda chini yao yalikuwa uji.
Harufu ikashuka ngazi,
ikaingia kwa Mama Sikuta ghorofa ya nne
bila hodi.
Akapanda, leso puani:
"Mulandi, chagua. Kuku au mimi."
Na karai lenyewe lilikuwa limeanza kulika,
mng'aro wake umo ndani ya kinywaji.

Aliyenisahihisha ni Kageni, mgandisha jibini,
buti nyeupe, mikono imekunjamana kwa chumvi.
"Kuku si ndama," alisema.
"Sukari ya maziwa inamshinda tumboni.
Kibaba kimoja cha haya, vitatu vya maji,
asubuhi tu. Chombo cha plastiki.
Saa sita mwaga, osha, weka maji safi.
Au lowekea pumba, lale usiku mmoja,
uwape kiasi cha kiganja."
Nikauliza kama uchachu unafukuza maradhi.
"Wanasema. Mimi napika jibini, si daktari."

Siwezi kuapa kwamba mayai yameongezeka.
Daftari linasema sitini na moja,
sitini na nne,
hamsini na nane siku ile mbwa wa jirani alipopanda.
Ila mfuko uliokuwa ukiisha Alhamisi
sasa unafika Jumamosi ukijikokota,
na maranda ni makavu,
na Mama Sikuta hununua trei kila mwisho wa mwezi
akikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha
kama anayetafuta sababu.

Jana kulikuwa na karatasi getini,
muhuri, saini, gundi bado mbichi:
*Mtungi, shilingi hamsini.*
Taka imepata jina, jina limepata bei.
Ekidor alitazama barabara, hakunitazama mimi.
Nikahesabu noti na sarafu, zikatosha miwili.
Akauinua ule wa tatu, akaugeuza, akakuna kidevu.
"Huu unavuja," alisema. "Siuzi mtungi unaovuja.
Uondoe hapa."
Haukuvuja.
Nilimwachia mayai manne ndani ya kofia yake.

Sasa kumepambazuka.
Nimechanganya: kimoja, vitatu, kwa kijiti.
Wanakuja wakisukumana, wanachota,
wanainua vichwa kuelekea nyaya za umeme.
Watu husema kuku akinywa humshukuru Mungu.
Mimi nimewatazama miaka miwili.
Naona ni koo tu, halina nguvu ya kuvuta,
lazima kinywaji kishuke chenyewe.
Mmoja mwekundu, yule mwenye kilema cha ukucha,
ameinua kichwa, tone limemng'ang'ania mdomoni.
Hashushi.
Namsubiri ameze, nikateremke.